Baiskeli kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kabisa kufanyika Afrika, waendesha baiskeli wa Mwanza, Arusha, Nairobi na Kampala wananiuliza maswali yale yale kuhusu barabara ya Kivu. Nimeipita mara tatu. Mara ya kwanza niliteseka kwa sababu sikuamini nilichoambiwa, kwa hiyo sitashangaa na wewe usiponiamini.

Barabara yenyewe ni ipi?

Ni lami inayofuata ukingo wa mashariki wa Ziwa Kivu, upande wa Rwanda. Inaanzia Rubavu kaskazini, inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, na kuishia Rusizi kusini. Ni kilomita 200 na ushei. Mwaka 2020 mashindano ya Tour du Rwanda yaliikimbia kwa siku moja kutoka Rusizi hadi Rubavu, hatua ya kilomita 206. Wale ni watu wenye gari la fundi nyuma yao na mtu wa kuwakanda misuli jioni. Wewe jipe siku tatu.

Jambo moja litakalokuchanganya ni majina. Wazee, na ramani za zamani, bado wanasema Gisenyi, Kibuye na Cyangugu. Gisenyi ndiyo Rubavu, Kibuye ndiyo Karongi, Cyangugu ndiyo Rusizi. Ukiuliza njia, taja yote mawili.

Ndiyo ile wanayoiita Congo Nile Trail?

Hapana. Ile ni njia ya vumbi ya kilomita 227. Inaanzia na kuishia miji hiyo hiyo, ila inateremka vijijini hadi ufukweni na inataka baiskeli ya mlimani yenye matairi mapana. Mvua ikinyesha, udongo wake unanata kwenye magurudumu mpaka yanagoma kuzunguka. Ukurasa huu unahusu lami.

Ni ngumu kiasi gani? Niambie ukweli.

Ukweli ni kwamba hakuna mlima hata mmoja wa kutisha. Ukizoea kupanda Lushoto kutoka Mombo, au kutoka bonde la Kerio kwenda Iten, hutakutana na kitu kirefu kama hicho. Kinachowaua watu ni kwamba barabara hii haina tambarare. Vilima vya Rwanda vinaingia ziwani kama vidole vya mkono uliotandazwa, na barabara inapanda kila kidole, inashuka hadi kwenye kijito kilicho katikati, inavuka daraja, inapanda tena. Unapanda nusu saa, unashuka dakika tano. Unapanda dakika ishirini, unashuka dakika tatu. Mchana unagundua umekaa kwenye baiskeli saa tano na zaidi ya saa nne kati ya hizo ulikuwa unapanda.

Kwa hiyo usipange kwa kilomita. Mtu anayefanya kilomita 100 za Dar hadi Chalinze kwa saa nne anadhani Rubavu hadi Karongi, ambayo nayo ni karibu kilomita 100, itakuwa hivyo hivyo. Mimi nilidhani. Niliingia Karongi taa zinawaka, mikono inatetemeka, nikala sahani mbili za wali kabla sijamsalimia mtu vizuri.

Halafu kuna hewa. Uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara inatumia muda mwingi juu zaidi ya hapo. Mtu wa Nairobi hataona tofauti. Mtu wa Tanga au Mombasa ataisikia kifuani siku ya kwanza, hasa kama ameshuka kwenye ndege jana yake. Lala usiku mmoja Kigali au Musanze kwanza.

Nianzie kaskazini au kusini?

Kaskazini, na sababu yangu ni moja. Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Ukitoka Rubavu kuelekea kusini, ziwa liko kulia kwako, nawe uko upande wa barabara ulio karibu na maji. Kila kona inakufungulia maji, visiwa, na milima ya Kongo ng'ambo, bila gari kukukinga. Ukitoka kusini utaliangalia ziwa kupitia madirisha ya mabasi.

Na hilo la kulia lisikupite hivi hivi kama unatoka Tanzania, Kenya au Uganda. Kwenye barabara iliyonyooka utakumbuka. Hatari iko asubuhi unapotoka kwenye geti la hoteli huku usingizi haujaisha, na unapogeuka kwenye njia panda. Nilibandika karatasi kwenye usukani imeandikwa KULIA kwa wino mwekundu. Wenzangu walicheka. Siku ya pili mmoja wao aliomba karatasi.

Siku tatu nizigawe vipi?

Siku ya kwanza, Rubavu hadi Karongi. Unapita mashamba ya chai ya Pfunda dakika chache tu baada ya mji, halafu unaanza kupanda na kushuka kwenda Gisiza, ambako inafaa kusimama kula, kisha Rubengera, njia panda ya kwenda Muhanga na Kigali. Kutoka Rubengera hadi Karongi ni mwendo mfupi, na sehemu ya mwisho ni mteremko mtamu wenye kona nyingi. Hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote. Anza alfajiri.

Siku ya pili na ya tatu zinagawana kilomita mia na kidogo zilizobaki. Wengi wanalala maeneo ya Nyamasheke. Kusini mwa Karongi magari yanapungua, watu wanapungua, na ukimya unaongezeka mpaka unasikia mnyororo wako. Mimi naiona ndiyo sehemu bora ya safari yote, ingawa picha nyingi mnazoziona mtandaoni ni za kaskazini. Ukifika Ntendezi unakutana na barabara kuu inayotoka Huye, malori yanarudi, na unateremka nayo hadi Kamembe, ambayo ndiyo kitovu cha Rusizi.

Gia gani? Breki gani?

Gia ndogo kuliko unavyofikiri. Mbele meno 34, nyuma meno 32 au 34. Kijana mwenye nguvu atakwambia 28 inatosha, na kweli inatosha, hadi kilima cha tisa. Matairi ya milimita 28 ni mazuri, 32 ni mazuri zaidi, kwa sababu hata lami nzuri ina mchanga na mawe yaliyosukumwa na mvua kutoka kwenye kuta za mlima.

Breki ndiyo habari yenyewe. Mara ya pili nilikwenda na raba za breki zilizochoka, nikijiambia zitafika. Kwenye mteremko wa kuingia Karongi nikasikia chuma kinakwaruza rimu. Nilishuka nikatembea, nimeishika baiskeli kama mtu anayerudisha nyumbani mbuzi mkaidi. Kijana mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita, akageuka mwili mzima maana shingo haikuweza, akauliza, "Igare ryapfuye?" Baiskeli imekufa? Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba haijafa, inaumwa. Akacheka, akanisindikiza hadi kwa fundi, na mkungu wake kichwani muda wote. Fundi alikuwa na raba za baiskeli za kawaida, akazichonga kwa kisu zikaingia. Zilinifikisha Rusizi, zikipiga kelele kama kuku kila kona.

Badilisha raba au pedi kabla ya kuondoka, na beba jozi ya akiba. Usishike breki mfululizo mteremko mzima, kwa sababu rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Shika kwa nguvu kabla ya kona, achia, pita. Na kaa mbali na ukingo: kando ya barabara kuna mifereji ya maji ya mawe, mirefu na isiyofunikwa. Mvua zao zinaihitaji. Gurudumu lako haliihitaji.

Vipuri na mafundi?

Mafundi wapo kila senta, hodari wa spoku, pancha na mnyororo wa baiskeli za kubebea mizigo. Tyubu za baiskeli za mbio, nyaya za gia na vitu vya breki za mafuta usitegemee kuvipata njiani. Nunua Kigali au toka navyo nyumbani.

Niende mwezi gani?

Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, au Januari na Februari. Masika ni Machi hadi Mei, na mvua fupi zinaanza Septemba au Oktoba mpaka Desemba. Kiangazi cha katikati ya mwaka kina ukungu wa vumbi na moshi, kwa hiyo milima ya Kongo inafifia. Januari hewa ni safi zaidi ila unaweza kulowa.

Aprili niiseme peke yake. Mbali na mvua, tarehe 7 Aprili inaanza wiki ya Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Shughuli nyingi husimama na sehemu za starehe hufungwa. Eneo la Karongi liliumia sana. Kanisa lililo juu ya ziwa pale mjini lina kumbukumbu yake, na Bisesero, penye kumbukumbu nyingine, iko vilimani si mbali na hapo. Ukipita mwezi wowote, simama, vua kofia, usipige picha za kujionyesha na baiskeli.

Pia angalia kama safari yako inaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa na magari hayatembei. Barabara tupu inavutia, ila kupita kwa mbwembwe mbele ya watu walioshika majembe si adabu. Mimi hukaa nikinywa chai mpaka iishe.

Saa zao zikoje?

Rwanda iko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa saa ya huko kunapambazuka kabla kidogo ya saa kumi na mbili na kiza kinaingia baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Wanahesabu saa kama sisi, saa moya ndiyo saa moja asubuhi, kwa hiyo hapo hamtapotezana. Mwenye saa ya mkononi isiyojibadilisha ndiye atakayemwamsha mwenye nyumba ya wageni usiku wa manane akidai uji. Simtaji jina, alikuwa kwenye kundi letu.

Ninakula nini njiani?

Ndizi mbivu, mandazi, chapati, sambusa, mayai ya kuchemsha, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Kila senta utavikuta. Kwa mlo kamili omba ibitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage, au viazi na isombe, ambacho ni kisamvu. Jioni ni mishikaki ya mbuzi, wenyewe wanaita burusheti. Maziwa ya mgando, ikivuguto, ni matamu sana, lakini yanywe ukishafika, si kabla ya kupanda.

Kisha kuna sambaza. Mtu wa Kigoma akiwekewa sahani ya sambaza atanyamaza, atawaangalia, halafu atasema, hawa ni dagaa wetu. Hajakosea. Samaki hawa hawakuwepo Kivu. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana wakawa kitoweo kikuu cha ziwa zima. Huku wanakaangwa wakavu na kuliwa na pilipili ya mafuta inayodondoshwa tone moja moja. Tone moja, narudia.

Na usilale kabla ya kuwaona wavuvi wakitoka. Jua linapozama, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inatoka Karongi, wapiga makasia wanaimba kwa kupokezana, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Baadaye usiku utaona taa zao tu, zimepangana juu ya maji. Niliwahi kukaa kwenye ukuta wa mawe nimenyoosha miguu iliyoganda, mwenye kibanda akaniuliza kama nataka kiti. Nikamwambia nikikaa kwenye kiti sitanyanyuka.

Nimesikia ziwa lina gesi. Naweza kuogelea?

Gesi ipo kweli. Chini ya Kivu kumeyeyuka methani na kaboni dioksidi kwa wingi mkubwa, na karibu na Karongi kuna mtambo unaovuta methani hiyo kuzalisha umeme wa megawati 26. Lakini gesi imelala kwenye vina virefu, na ziwa lina kina cha mita zaidi ya 470. Watu wanaogelea kila siku Rubavu na Karongi. Hakuna mamba wala kiboko, jambo ambalo sisi wa Ziwa Victoria hatuwezi kulisema kwetu.

La kuangalia ni mazuku. Watu wa Goma na Rubavu ndilo jina wanalolitumia kwa mifuko ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkano na kutulia mabondeni, hasa usiku na asubuhi kusipokuwa na upepo. Haionekani, inaua. Ukiambiwa na mwenyeji usiweke hema shimoni fulani au usioge pwani fulani, usibishane naye.

Watoto watanipigia kelele?

Watakukimbiza hadi wachoke, na kwenye mlima hawachoki. Mzungu ataitwa "muzungu", wewe utaitwa mengine. Neno utakalolisikia zaidi ni "agacupa!" Ni sawa na neno letu kachupa, wanataka chupa tupu ya maji. Ni kitu cha maana kwao, cha kubebea maziwa au mafuta. Usirushe moja katikati ya watoto kumi barabarani, watagombania mbele ya lori. Simama, mpe mtu mzima.

Salamu: "Mwaramutse" asubuhi, "Muraho" kwa ambaye hamjaonana, "Murakoze" ni asante. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mijini, hasa Rubavu na Rusizi kwenye biashara na Kongo, utaelewana na wengi. Vijijini tumia hayo matatu na tabasamu.

Vipi kuhusu wale waendesha baiskeli wa mizigo?

Hao ni abanyonzi. Wanabeba abiria, viazi, makreti ya bia, mbao. Ndiyo kazi ile ile iliyozaa neno bodaboda pale mpakani Busia kabla ya pikipiki. Watashindana nawe, na kwenye mteremko watakupita, kwa sababu uzito wao ni mara tatu ya wako. Wapishe. Wakati wa kupanda wengine hushika nyuma ya lori. Usijaribu hata ukiwa umechoka vipi, lori likisimama ghafla huna pa kwenda.

Karatasi na usalama?

Mkenya na Mganda wanaingia kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania beba pasipoti. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, na wengi hunaswa kwa sababu wamefungia baiskeli au nguo humo. Tumia mfuko wa kitambaa au wa turubai.

Upande wa Kongo, Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Rubavu na Rusizi zimepakana nayo mlango kwa mlango. Barabara hii yote iko ndani ya Rwanda na utapishana na askari wa doria, lakini soma matangazo ya serikali yako wiki ya kuondoka, na wazo la kuchungulia ng'ambo kwa baiskeli liache.

Nikifika Rusizi ninarudije?

Kamembe kuna uwanja wa ndege wenye safari za Kigali. Mabasi yapo, ila uliza siku moja kabla kama yatapokea baiskeli na kwa bei gani, maana kila kondakta ana sheria yake.

Mwenye miguu bado anaweza kurudi kwa barabara kupitia msitu wa Nyungwe hadi Huye. Tour du Rwanda imeutumia upande huo, kilomita 142. Kutoka Ntendezi unapanda kwenye mashamba ya chai ya Gisakura, halafu msitu unakufunika na zaidi ya kilomita 50 hakuna duka, hakuna nyumba, kuna mbega wanaokutazama na mvua inayokuja bila taarifa. Uwinka, humo msituni, iko zaidi ya mita 2,400 na kuna baridi ya kweli. Huko juu ndiko maji yanakogawanyika: tone linaloangukia upande huu linaingia Kongo, la upande ule linaingia Nile. Beba koti, chakula cha siku nzima, na anza mapema kiasi cha kutoka msituni kabla ya saa tisa mchana.

Nina baiskeli ya kawaida tu, ya gia moja. Nisiende?

Nenda. Abanyonzi wanaipita barabara hiyo kila siku na gia moja, na magunia juu. Wanapanda kwa kusukuma. Nawe utasukuma, kwa hiyo ongeza siku mbili na uvae viatu vya kutembelea.